Kichwa cha Mtu wa Wino

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo walivyosema waliotangulia. Mwaka wa 1961, uchaguzi ulipokaribia, Mtopanga ilisema mgeni nenda, mwenyeji apone. Na mgeni aliyekusudiwa alikuwa Yeslam mwenye duka, wa asili ya Uarabuni, aliyezaliwa nyuma ya duka hilohilo, kama babake kabla yake.

Tima alikuwa barazani kwake, mkabala na duka, akichora maua ya kofia kwa penseli juu ya kitambaa cheupe. Kazi yake ilikuwa na sharti moja. Kwanza uzi huzungushwa kichwani mwa mvaaji, ukapigwa fundo. Ndipo penseli ikashikwa. Kofia iliyotangulia kichwa haimkai mtu.

Mwalimu Mbwana, mhariri wa kijigazeti cha chama, alimjia na karatasi yenye chembe za sukari. Sukari hiyo alikuwa amefungiwa na Yeslam. Magazeti makuukuu ya Ulaya yaliletwa kwa marobota, na kila mwenye duka aliyatumia kufungia bidhaa. Hili lilikuwa la Kijerumani, la kabla ya vita vikuu vya pili. Lilikuwa na picha ya mtu mwenye pua iliyopinda kama ndoana na vidole virefu, ameikumbatia dunia kama fenesi. Mbwana alitaka picha iyo hiyo, ila avishwe kofia yenye maua kama ya Yeslam.

Tima akauliza hicho ni kichwa cha nani. Mbwana akajibu kwamba si cha mtu, ni cha mnyonyaji tu.

"Basi siwezi. Sichorei kichwa nisichokipima."

Mbwana akacheka, akasema siku hizi hata sindano ina siasa. Akaenda kuinakili mwenyewe. Ijumaa kijigazeti kikatoka, kikabandikwa kwenye kila mnazi.

Jumamosi baada ya alasiri, mtu wa kwenye picha alishuka mnazini, akajipangusa gundi, akavuka njia. Alikuwa mwembamba kama karatasi, na upepo ulipovuma alishika nguzo. Yeslam alimkaribisha kwenye benchi, akamtilia kahawa. Kahawa ikampitia, ikalowesha benchi. Yeslam akaifuta kwa kitambaa, akamtilia nyingine.

Tima alikwenda na uzi wake.

"Shikamoo, Ami Yeslam."

"Marahaba, mwanangu. Mpime mgeni, ataka kofia."

Tima akauzungusha uzi. Ukakaza, ukakaza, hadi ukabaki fundo tupu mkononi mwake.

"Huyu hana kichwa, Ami."

"Sijapata kuwa nacho," alisema mtu wa wino. Akaeleza, taratibu, kwamba Wajerumani walimchora kila wiki, jirani na matangazo ya sabuni, wakamwita Myahudi. Mayahudi wenyewe walikuwa washonaji, matabibu na wauza vitabu, kila mmoja na pua yake. Watu kwanza walicheka, kisha wakazoea. Wakaacha kununua kwao, wakaacha kuwaamkia. Siku walipopakiwa kwenye magari ya moshi kwenda kuuawa, majirani walichungulia madirishani wakaona anayeondoka ni yule wa gazetini.

"Sura ilichorwa kwanza," alisema. "Watu walitafutwa baadaye."

Kadzo, aliyenunua mafuta ya taa hapo tangu utotoni, alikuwa akipita na shoga yake. Akamtazama mtu wa wino. "Yeslam ndiye huyo," akasema. "Hebu itazame pua."

"Hujambo, Kadzo?" Yeslam akamwamkua, ameketi palepale ubavuni mwa mgeni, na pua yake fupi. Kadzo akageuka huku na huku kutafuta sauti ilikotoka. Hakuona mtu mwingine, akaenda zake.

Tima akachukua mkasi. Akapita mnazi hata mnazi, akikata kichwa katika kila kijigazeti. Aliporudi, mtu wa wino alikuwa benchini vilevile.

Jumapili Mbwana aliwaleta wazee barazani kwa Tima. Hawakumfokea. Walisema mali ya chama imeharibiwa na uchaguzi u karibu. Aombe radhi, yaishe. Upande wa pili wa njia, mtu wa wino alikuwa ameshasimama mezani, akipima sukari, na wateja wakimtukana. Yeslam alikuwa kando, upande wa kulia, akifunga virago vyake.

"Omba radhi, mwanangu," alisema kutoka kule. "Mimi nshazoea."

Hakuna mzee aliyemsikia.

Tima akatoa uzi aliompimia Yeslam kofia ya Idi, ungali na fundo lake, akauinua mbele yao. "Kichwa cha Yeslam ndicho hiki. Mwenyewe yuko kule, kulia, anafunga mzigo. Nendeni mkampime."

Wazee wakageuka, wakatazama kushoto, kwa mtu wa wino, wakatikisa vichwa kwa ile pua.

"Neno moja tu, binti," alisema Mbwana, kofia aliyoshonewa na Tima ikiwa imemkaa sawasawa kichwani. "Sema radhi."

Tima akauviringa uzi kidoleni.

"Siombi."