Shamba Lisilo na Kaburi

Mashine ililia kwenye kichuguu saa nne asubuhi, na Dafrosa akajua palepale kwamba si dhahabu.

Alikuwa amechuchumaa anakusanya mihogo yake iliyong'olewa kabla ya wakati. Siku ya tatu sasa wanaume wale walikuwa wakizunguka shambani na ile fimbo ndefu yenye sahani chini, na kila ilipolia walichimba. Walitoa visoda, walitoa misumari, walitoa hata risasi kuukuu ya wawindaji. Dhahabu hawakuiona, ila mihogo waliing'oa utadhani imewatukana. Ilikuwa bado myembamba kama vidole, na ndiyo iliyotegemewa kulisha nyumba mpaka mvua za Novemba.

Amosi, mshika mashine, alivua spika za masikioni, akapitisha sahani tena taratibu. Ikalia.

"Hapa, bosi. Sauti nzuri hii, siyo msumari."

Deo, mwenye leseni, alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake kivulini, anachezea simu. Kijana wa mjini, wa mtaa wa Makanyagio, viatu safi, sauti ya upole. Alishuka bila haraka. Josephat, mume wa Dafrosa, ndiye aliyewahi na jembe. Hapo Dafrosa akatupa mihogo, akakimbia, akasimama juu ya kile kichuguu kwa miguu yake yote miwili.

"Baba Agatha," alimwambia mumewe. "Hapa unapajua."

Josephat akaangalia mpini wa jembe.

"Kuna nini, mama?" Deo akauliza.

"Kuna mtoto wangu."

Aliitwa Verdiana, na aliishi siku kumi na tisa. Alikufa mwezi wa pili, miaka sita iliyopita, mto umefurika na makaburi ya kijiji yako ng'ambo. Katekista alishindwa kuvuka, kwa hiyo Dafrosa alimbatiza mwenyewe kwa maji ya kikombe. Shimo alilichimba Josephat. Tuta hawakuweka wala msalaba, maana kwao kichanga huzikwa kimyakimya, bila matanga. Shingoni Dafrosa alimvika medali ya Bikira Maria, aliyopewa yeye siku ya komunyo yake ya kwanza. Hiyo ndiyo iliyoiliza mashine.

Aliyasema yote hayo mbele ya wanaume wanne. Wa nne alikuwa Simon, mwenyekiti wa kijiji, aliyekuja tangu asubuhi kuhakikisha mambo yanakwenda sawa. Simon alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua begi lake.

"Shemeji, mimi nakuonea huruma. Lakini hii saini ni ya nani?"

Ilikuwa fomu ya ridhaa ya wenye shamba. Namba saba iliuliza: Je, kuna makaburi ndani ya eneo? Na pale penye nukta, kwa mwandiko ule wa kulalia kushoto ambao Dafrosa aliujua tangu barua za uchumba, paliandikwa: Hakuna. Chini palikuwa na jina la Josephat, na chini yake jina lake yeye. Saini ilikuwa yake kweli.

Aliikumbuka jioni ile. Alikuwa anasonga ugali, Josephat akaingia na karatasi iliyokunjwa, panaonekana pa kusaini tu. Wanataka kupita na mashine, mama Agatha, siku mbili wameondoka. Dafrosa alijifuta unga, akasaini. Yeye ni katibu wa jumuiya, hasaini hata barua ya mchango bila kuisoma mara mbili. Karatasi ya mumewe hakuisoma. Nani anasoma karatasi ya mumewe?

"Uliandika hakuna?"

"Walisema kukiwa na kaburi, leseni inasimamishwa," Josephat akasema. "Mpaka waje watu wa wilayani. Deo angehamia kwa majirani, na fungu letu lingekwenda naye. Nilikuwa nawafikiria nyie, mke wangu. Wewe na Agatha."

"Na huyu?"

"Huyu si alishakufa."

Alilisema taratibu kabisa, na hilo ndilo lililomchoma Dafrosa kuliko neno lenyewe. Huyu mtu alilia juu ya kichuguu hiki mpaka akashikwa mkono kurudishwa nyumbani.

"Mama, mimi sina ubaya na wewe," Deo akasema. "Ila mimi naenda na karatasi. Mashine ikishalia, makaburi yanakuwa mengi."

Simon akacheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Basi nitachimba mimi," Dafrosa akasema. "Jembe lisimguse."

Wakamwachia. Ardhi ya Agosti ni ngumu, na ya kichuguu ni ngumu zaidi. Alichimba kwa panga la mihogo na kwa kucha, mkono ukazama mpaka kwenye kiwiko, mpaka begani. Kwanza ulitoka uzi wa kitambaa. Ikafuata medali, imegeuka kijani. Kisha vikatoka vitu vidogo, vyepesi, ambavyo hakuna aliyeuliza ni nini. Dafrosa alifungua kitenge alichojifunga juu ya sketi, akakitandika, akaviweka kimoja kimoja, na medali akaiweka juu yake.

"Haya. Mmeona?"

Amosi akavua kofia. Alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake, na kwa kitambo hakujua mikono aiweke wapi.

"Pima shimo," Deo akasema.

"Bosi..."

"Pima shimo, Amosi."

Sahani ikashuka shimoni. Ikalia, safari hii kwa nguvu zaidi.

Waliruka wote. Josephat aliingia na jembe lake, udongo ukamrukia Dafrosa usoni, na mapigo hayakufika kumi kabla hajainuka na kitu kizito cha njano, cha ukubwa wa kifundo cha kidole. Deo alikipokea, akakifuta kwenye suruali yake safi, akampiga Josephat mgongoni. Simon alikuwa ameshampigia mtu simu kumwambia imetoka. Josephat alicheka, akageuka kutafuta mtu wa kucheka naye, macho yake yakakutana na ya mkewe. Akayashusha.

"Mwenyekiti," Dafrosa akasema. "Nimzike wapi?"

Simon akaziba simu kwa kiganja. "Makaburini panataka kibali, shemeji. Jina lake liko kwenye daftari la kijiji?"

Halikuwemo. Hakuna aliyewahi kumwandika popote.

"Njoo Jumatatu ofisini tuone. Ila hapa asirudi. Hapa ni eneo la leseni."

Dafrosa akafunga ncha za kitenge, akakikumbatia, akaondoka. Alipita katikati ya mihogo iliyolala, akafika kwenye jiwe la mpaka lililopakwa rangi nyekundu.

"Mama!" Deo alimwita. "Samahani. Kuanzia sasa hakitoki kitu bila kupimwa. Ni utaratibu, hata mimi napimwa."

Amosi akaja. Hakumtazama usoni. Akapitisha sahani kwenye kitenge, na mashine ikalia.

"Ni medali," Dafrosa akasema. "Mmeiona."

"Medali tumeiona," Deo akasema kwa upole wake uleule. "Ulichokitoa chini yake ukakifunika ndicho hatukijui. Fungua tu, mama."

Dafrosa akamgeukia mumewe. Alitaka neno moja tu kwake, huyu ni mwanangu, basi, na hata la fomu angejaribu kulisahau siku moja. Josephat akasogea, udongo umemjaa mpaka kwenye nyusi.

"Fungua, mama Agatha," akasema. "Wasije wakatuona wezi."

Dafrosa akakaza mikono. Amosi akairudisha sahani juu ya kitenge, mara ya pili, mara ya tatu, na kila ilipopita, mashine ililia.