Taa za Mbali za Haji Radwan

Fundi Bishay alikuwa ameegemeza tumbo kwenye pua ya Pijo, kipande cha mkate wa maharage kikining'inia mdomoni, mikono yote miwili imezama kwenye shimo la taa. Alikuwa fundi umeme wa magari hapo Kharga tangu enzi ambazo magari ya oasisi yote yalijulikana kwa majina ya wenyewe. Mwenye Pijo, Haji Radwan, dereva wa teksi ya Asyut, alikuwa amekalia debe lililopinduliwa, chai inampolea mkononi.

"Haji, nakwambia mara ya mwisho," alisema Bishay bila kuutoa mkate. "Hizi balbu za xenon nikufungie kwenye taa za karibu. Za mbali ziachie balbu zao za zamani."

"Karibu naona mwenyewe. Kinachonishinda ni mbali."

"Hazikonyezi hizi! Ukiwasha zinaanza na ubuluu, kama mtu kazabwa kofi, ndiyo zinapanda taratibu. Ukikutana na mwenzako njiani utamsalimu vipi?"

"Nimewasalimu miaka yote. Kama ni thawabu, nimeshajaza gunia."

"Haya. Macho yako, gari lako. Mimi msalaba wangu ni waya tu."

Bishay akavuta waya mnene moja kwa moja kutoka kwenye betri, akaupitisha kwenye fyuzi, akafunga rilei mbili, zile swichi za kupitisha umeme mwingi, pembeni ya injini. Ule waya mwembamba wa zamani wa taa za mbali akauachia kazi moja tu, kuziamsha rilei. Viboksi vya kupandisha umeme alivificha visiingie maji, ingawa mara ya mwisho mvua kunyesha Kharga watu walitoka nje kuiangalia.

Kwenye barabara ile ya jangwani, giza likishaingia, magari mawili yakionana kwa mbali kila mmoja huzima taa zake za mbali asimpofushe mwenzake, kisha hukonyeza. Mkonyezo mmoja ni nimekuona. Miwili ni salamu. Mitatu ni polisi huko mbele, funga mkanda. Dereva asiyejibu ni sawa na mtu aliyenyooshewa mkono, yeye akautia wake mfukoni. Haji Radwan alikuwa hodari wa kujibu kuliko wote. Tangu mkewe Inshirah afariki, na binti yao Nabila aolewe Kuwait, mikonyezo ile ndiyo mazungumzo aliyobakiwa nayo, na hilo hakumwambia Bishay.

Jioni hiyo alikuwa anarudi kutoka Asyut, gari tupu, magharibi imeshapita. Lori la kwanza likamkonyeza mara mbili. Radwan akajibu. Taa zake zikajikuna, zikawa buluu, na zilipokuja kung'aa sawasawa lori lilikuwa limeshampita, dereva ametoa mkono dirishani kwa ishara isiyo ya salamu. La pili vivyo hivyo. Alipofika kijiji cha Bir Hamama alikuwa ameshachukiwa na barabara nzima.

Bir Hamama kuna kituo cha gari la wagonjwa. Kina mlango, kina bendera, kina banda zuri la kuegeshea gari. Gari ndilo halipo. Hapo ndipo Inshirah alipoletwa na dada yake siku alipobanwa na kifua. Mlinzi akawaambia gari limetoka, wasubiri. Inshirah akasubiri mpaka akafa, na Radwan wakati huo alikuwa Asyut anawashushia abiria mizigo.

Radwan aliegesha akiuelekea ukuta wa kituo, mweupe wa chokaa unaorudisha mwanga barabarani, ili akague fyuzi. Taa zikapanda, zikafika mwisho wake, na kwenye mwanga ule akaiona foleni. Ilianzia mlangoni, ikafuata ukuta mpaka kwenye kona. Alimwona Atris, mwuza vitunguu aliyepinduka na pikapu. Alimwona bwana harusi wa mwaka juzi, ua bado liko kifuani. Wote marehemu, na wote wamesimama kwa utaratibu. Katikati alikuwepo Inshirah.

Radwan akazima redio, akashuka.

"Mama Nabila."

"Umekawia," alisema Inshirah. "Na hayo mataa, unataka tupofuke? Shati hilo nani kakupigia pasi?"

"Hakuna."

"Linaonekana."

"Panda gari twende nyumbani."

"Niiache zamu yangu? Nikitoka tu, huyu Atris kaingia kabla sijafunga mlango wa gari."

"Wallahi naingia," alisema Atris.

"Gari lenyewe haliji, Inshirah. Na hata likija, wewe..."

"Mimi nini?"

"Umekonda."

"Basi ndiyo nimuone daktari."

Lori likatokea upande wa Asyut. Radwan akakimbilia garini akazima taa, maana adabu ni adabu, na foleni yote ikatoweka na giza. Lori likakonyeza, halikujibiwa, likapita. Akawasha tena. Mwanga ukapanda taratibu, yakaonekana kwanza mapaji ya nyuso, kisha macho, na Inshirah alikuwa yuko katikati ya maneno, anauliza kama Nabila hupiga simu.

Tangu hapo Radwan alisimama Bir Hamama kila jioni. Injini aliiacha inanguruma, maana xenon zinamaliza betri. Aliongea, akazima kupisha gari, akawasha, akasubiri, akaongea. Nusu ya maneno ya mkewe ilimpita gizani. Akamfuata mlinzi, kijana mnene aitwaye Shindi.

"Hao?" alisema Shindi. "Hao wapo siku zote, Haji. Mimi nikienda chooni huwapitia kwa pembeni nisiwakanyage."

"Gari liko wapi?"

"Limetoka."

"Lini?"

"Kabla sijaajiriwa."

Jioni moja Inshirah alisema, "Siku ile nilikuwa na neno nataka kukwambia, ila wewe hukuwepo." Na hapohapo lori likachomoza. Radwan alikuwa ameshaingiza mkono dirishani, kidole kiko kwenye swichi. Safari hii hakuzima.

"Nilitaka kukwambia usipite njia ya kisimani, kuna mchanga," alisema Inshirah.

Neno lenyewe ndilo hilo. Lori likayumba, likaacha lami, likazama mchangani hadi kwenye ekseli. Dereva wake, Mkenawi mmoja, mtu wa mkoa mwingine, aitwaye Hifni, akaruka chini.

"Wee mzee! Mama yako alikuzaa au alikuokota? Taa za uwanja wa mpira unafunga kwenye teksi?"

Aliukunja mkono ili apige. Kisha akatazama pale mwanga ulipoangukia, mkono ukamshuka.

"Yule ni kaka yangu," alisema.

"Mwendee," alisema Radwan. "Ila usimvute nje ya foleni, wenzake wanakuwa wakali."

Hifni alikaa mchangani akaongea na kaka yake mpaka sauti ikamkauka. Aliporudi aliuliza kitu kimoja tu: taa zile kafunga fundi gani.

Bishay akapata kazi mpaka akaajiri binamu zake. Kabla mwaka haujaisha, magharibi ikishapita, magari yalipanga mstari mbele ya kituo, pua zikiuelekea ukuta, na aliyekuja na balbu za kawaida aliomba nafasi kwa jirani. Wapita njia nao wakazoea, wakawa wanakwenda polepole, kiganja juu ya macho. Msongamano ule uliwafikia wakubwa. Wakaja na miwani ya jua, wakaona, wakanong'onezana, wakaahidi. Wakarudi na utepe. Walijenga paa la kivuli na benchi refu la saruji, na aliyeukata utepe alisema lengo ni kuwapunguzia adha wanaosubiri. Watu wakapiga makofi, na foleni nayo ikapiga, isipokuwa ilikuwa mchana na hakuna aliyeiona.

Jioni ile Inshirah aliketi kwa mara ya kwanza. Radwan akamwachia Hifni kazi ya kuangalia swichi, akaenda akakaa kando ya mkewe, bega kwa bega.

"Haji," alisema Atris kutoka nyuma, "samahani, lakini wewe mzima. Unakaa kwenye nafasi ya watu."

"Anasema kweli, Baba Nabila," alisema Inshirah kwa upole. "Watadhani napendelewa."

Radwan akainuka, akarudi garini, akafunga mlango. Kutoka Bir Hamama yenyewe akaja mwanamke kijana, kiatu kimoja mguuni, amejishika tumbo. Aliuliza kama hapa ndipo panapongojewa gari, na Atris akasogea kumpisha, maana huyu hakuwa mzima. Inshirah akapapasa saruji pale alipokuwa amekaa mumewe.

"Ndipo, mwanangu. Njoo ukae hapa, pana joto kidogo."