Robine ya Shofaji

Sisi watu wa Bujumbura tunajua kazi ya feni, kazi ya barafu na kazi ya kivuli. Kazi ya shofaji ya gari, mtambo wa kupuliza joto ndani, hatuijui. Ndiyo maana fundi Akilimali alipoikuta robine ya shofaji, koki ya maji yake ya moto, imeganda kwenye Peugeot 404 ya marehemu mume wangu, aliikamata kwa koleo kama anayeng'oa jino la ngamia. Ikamkatikia mkononi, na hakuona kama amekosa.

"Usijali, Bibi," akaniambia. "Mi naziba tu. Nachukua mupira wa maji wa kwenda na mupira wa kurudi, naunganisha pamoja. Shofaji ya nini na hili joto letu?"

Maji ya injini yalikuwa yanachuruzika chini ya gari na kunywewa na mchanga wa mtaa wetu wa Buyenzi. Ilikuwa Jumatano asubuhi, mwaka wa tisini na nane, vita huku na ambargo kule, vipuri haviingii. Kesho yake konvoi ya magari ya kupanda milimani ilikuwa inaondoka, askari mbele na askari nyuma, na mimi nilikuwa na bibi harusi wa kumfikisha mjini Ngozi. Mjukuu wangu Assia alikuwa anaolewa Ijumaa baada ya sala. Barabara ilikwisha kuivunja harusi hiyo mara mbili. Mara hii mama wa bwana harusi alituma neno: wakikosa tena Ijumaa, tutaelewa kwamba hawataki kutupatia mtoto wao. Mabasi ya Ngozi yaliacha kupanda tangu mwezi uliopita, malori yamejaa mpaka juu ya mizigo. Ilibaki 404.

"Usizibe," nikamwambia Akilimali. "Nataka robine."

"Robine ya 404, Bibi, mu hii ambargo? Na ya kufanya nini?"

"Ya kupoza injini."

Akawageukia mafundi wenzake. Garaji nzima ikacheka, hata aliyekuwa amelala chini ya lori nilimsikia.

"Moto unapoza moto?"

"Akilimali, uji ukikuunguza mudomo unafanya nini?"

"Napuliza."

"Na mutu mwenye akili?"

Akakuna shingo. "Anamimina mu sahani."

"Basi. Radiyateri ni sahani kubwa ya maji ya injini, shofaji ni sahani ndogo. Marehemu Massoudi wangu alipandisha abiria mulima wa Bugarama miaka ishirini. Mushale wa joto ukianza kupanda, anafungua shofaji yote. Abiria wanamutukana, gari inapanda. Na hii radiyateri yetu wewe mwenyewe umesema jana nusu yake imeziba. Sasa ile sahani ndogo iliyobaki ndiyo unataka kuivunja?"

Hakucheka tena. Alijua, kama tulivyojua wote, kwamba gari likichemka katikati ya ule mlima konvoi haisubiri. Inakupita, halafu askari wa nyuma nao wanakupita, halafu unabaki wewe na msitu.

Akatafuta. Mpaka adhuhuri alikuwa ameniletea robine nne za magari yaliyokufa, na zote zilikuwa zimeganda kama ile yetu. Robine za mji huu hazifi kwa kazi. Zinakufa kwa kukaa, kwa sababu hakuna anayezigusa.

"Iko moja tu inayogeuka," akasema mwishoni. "Musaga, kwa muzee mumoja anaitwa Herménégilde. Lakini yule hatoi hata vumbi la gari yake."

Nikajifunga kitenge changu cha ubishi, nikapanda minibasi ya Musaga.

Herménégilde alikuwa karani wa serikali, sasa amestaafu. 404 yake, rangi ya maziwa, ilikaa uani juu ya matofali, imefunikwa shuka kama mgonjwa. Kila Jumapili akitoka misa aliingia ndani na tai yake shingoni, akageuza kila kitu kinachogeuka: usukani, taa, vioo, robine ya shofaji. Kisha akafunga milango na kwenda kula.

"Mama, hii gari haikufa," akaniambia baada ya salamu na habari za nyumbani. "Inangoja karbirateri."

"Toka lini, Muzee?"

"Toka tisini na tatu."

"Pole sana. Hata mi kuna meno nangoja toka mwaka huo."

Nikamweleza habari ya Assia na Ijumaa yake. Akasikitika kwa adabu, akanipa kiti, akasema apana. Ukitoa kipande kimoja leo, kesho watakuja wa taa, keshokutwa wa milango, na wewe utabaki na matofali.

Nikamwomba basi nilione lile gari tu. Akafurahi, akavuta shuka. Nikafungua mlango wa nyuma, nikaingia, nikakaa, nikavua viatu.

"Mama, unafanya nini?"

"Naenda Ngozi. Nangoja karbirateri pamoja nawe."

Alidhani ni mzaha. Akaingia ndani ya nyumba. Akatoka, nipo. Akazunguka uani akijifanya anatafuta jembe, nipo. Jogoo wake akapanda juu ya boneti, nikamwuliza jogoo kama na yeye ni abiria. Saa tisa nikaomba maji, nikatawadha, nikaswali pale pembeni, nikarudi kwenye kiti changu.

Mkewe, Dative, ndiye aliyeniletea chai. Aliinama dirishani, tumbo linamtikisika kwa kicheko alichokimeza.

"Mama, nikuambie. Karbirateri ilifika miaka mitatu sasa. Iko mu sanduku chini ya kitanda."

"Hee. Na yeye anajua?"

"Aliiweka yeye mwenyewe." Kicheko kikafutika usoni mwake. "Kwao ni huko huko, karibu na Ngozi. Mama yake walimuzika tisini na tano, yeye hakwenda. Barabara anaiogopa. Ukimuuliza, anakujibu karbirateri."

Nikanywa ile chai polepole. Ningeweza kumchoma mzee wa watu kwa siri hiyo, robine ningeipata palepale. Lakini mwanamume ukimvua koti, mwachie shati.

Alipokuja tena, jua lilikuwa limegusa ukuta. Nikamwambia, "Muzee, mi sitaki unipe. Nataka uniazime. Jumatatu inarudi. Shida yangu moja tu: fundi wangu ana mukono wa koleo. Ile robine ikifika kule juu, nani ataichunga?"

Alishika shuka. Alikunja ncha moja, akaikunjua. Dative alikuwa mlangoni.

"Hiyo robine inataka mukono unaoijua," akasema.

"Ndiyo hofu yangu."

"Haiwezi kwenda peke yake."

"Nafasi ya mbele iko wazi," nikamwambia, nikavaa viatu.

Aliifungua mwenyewe, skrubu moja moja, akaizungushia kitambaa, akaishika mapajani mpaka Buyenzi. Akilimali alipotaka kuipokea aliambiwa kwanza anawe mikono. Kabla ya magharibi ilikuwa mahali pake, mipira imekazwa, hakuna tone. Herménégilde akalala kwa jirani yangu Amissi, eti asije akasahau njia.

Mambo hayo yote yalinila siku, mizigo ya harusi ikanila usiku, na hina ya Assia ilikuwa bado. Mwenye kuipaka ni mimi, na mimi nilikuwa nimekaa ndani ya gari lisilo na magurudumu. Nilimpaka alfajiri, mbio mbio, mikono na miguu, nikamfunga vitambaa, nikampakia hivyo hivyo kama kifurushi.

"Bibi, haitashika," akalia. "Hina inataka usiku muzima. Itakuwa kama chai ya rangi. Watasema nini kule?"

"Watasema umefika. Panda."

Konvoi ikaondoka. Akilimali kwenye usukani, Herménégilde pembeni yake na tai, sisi wawili nyuma. Mlima ukaanza, na mshale ukaanza nao. Mbele yetu lori zito linatambaa, nyuma yetu pikapu ya askari inatusukuma kwa honi. Tukapita gari dogo limesimama kando, boneti wazi, mvuke unatoka, watu wake wanayakimbilia malori na masanduku kichwani. 

"Bibi," Akilimali akaita, sauti nyembamba. "Mushale umefika kwa rangi nyekundu."

"Muzee Herménégilde," nikasema, "fungua yote."

Mkono wake ulijua njia. Jumapili mia mbili na zaidi aliigeuza ile robine, na hakuna kilichopita ndani yake. Sasa aliigeuza, na joto likaingia. Wallahi, lilikuwa joto la tanuri la mikate. Jasho lilitutiririka mpaka kwenye kope. Vioo tulivishusha, vumbi la lori likaja kutukaanga vizuri. Herménégilde alilegeza tai, kitu ambacho Dative aliniambia baadaye hakukifanya hata siku ya harusi yao. Assia alinyoosha mikono yake iliyofungwa katikati ya viti, maana hakuwa na pengine pa kuiweka, na pale ndipo joto lilipokuwa linapuliza.

"Mushale?" nikauliza.

"Umesimama."

Kona mbili.

"Mushale, Akilimali."

"Unashuka. Bibi, unashuka."

"Sahani ngapi?"

"Mbili, Bibi. Samahani."

Tulifika Bugarama na konvoi yetu, wa tatu kutoka mwisho. Kule juu kuna ukungu na baridi ya kukata masikio. Akilimali, mtoto wa joto, akaanza kutetemeka. Akanyoosha mkono ili afunge shofaji, kwa mazoea tu, injini imeshapoa.

"Acha," akasema Herménégilde. "Sasa ndiyo kazi yake yenyewe."

Kabla ya kuingia Ngozi alituomba tusimame kwenye njia ya vumbi inayopanda kilimani kwao. Alikaza tai, akashuka. Akasema atakuja mwenyewe kuichukua robine yake Jumatatu, tusiiguse. Tukamwangalia anapanda, hageuki nyuma.

Kwa wakwe tulifika kabla ya laasiri. Mama wa bwana harusi alikuwa mlangoni, uso umekazwa, amejiandaa kwa maneno mengi. Nikamfungua Assia vitambaa mbele yake, na mimi mwenyewe nimefumba jicho moja. Hina ilikuwa imeiva, nyekundu ya kwenda kwenye weusi, mpaka kwenye kucha. Wanawake wakasogea. Mama mkwe akaushika ule mkono, akaugeuza, akaunusa.

"Hii hina mumeipika na nini, dada?"

"Na Peugeot," nikamwambia. "Hebu tupishe tuingie, sisi tumeiva tangu asubuhi."