Neno la Kupima

Vikopo vya choo cha watoto vilipangwa mezani, vifuniko vikitoka jasho kwa joto la mji wa Baraka, naye Profesa Nicolas alikuwa ameziba pua kwa kitambaa chenye manukato. Arlette hakuziba yake. Alikulia katika nyumba ya wadogo wengi, na choo cha mtoto hakikuwahi kumtia kinyaa. Kilichokuja kumchefua siku hiyo kilinukia vizuri.

Ulikuwa mwaka wake wa kwanza wa masomo ya uzamili. Walichunguza kichocho kwa watoto wanaooga ziwani, na Profesa alikwisha kumpa nasaha za kufaulu: wahi kuchapisha, usibishane na anayekusimamia, na mbele ya wakimbizi usitaje utafiti. Sema kupima. Huku Fizi, mashariki mwa Kongo, mtu akiambiwa anapimwa hujua dawa inafuata, maana ndivyo zahanati zifanyavyo. Kina mama waliitika, wakabonyeza vidole gumba kwenye karatasi za kukubali, wakarudi na vikopo wamevifunga ndani ya vitenge kwa uangalifu wa mtu aliyebeba mayai. Arlette ndiye aliyewaita, kwa sauti yake tamu, na mwenyewe aliamini kwamba dawa ingekuja.

Asubuhi hiyo Renilde, mkimbizi wa Burundi anayelimia watu mihogo, alisimama mlangoni na binti yake mgongoni, akaomba majibu. Mtoto alikuwa amekonda, tumbo limemtangulia. Arlette alikwisha kuyaona mayai ya kichocho kwenye darubini. Akamnong'oneza Profesa kwamba dawa ilikuwapo kwa muuguzi, ng'ambo ya ua tu.

Profesa alieleza kwamba mwezi ujao watachukua vikopo vingine vya kulinganisha, na mtoto atakayetibiwa leo atawavurugia matokeo.

"Angojee makala itoke," alisema. "Ukimutibisha huyu, bote batataka. Na mémoire yako ya kumalizia masomo itakufa."

Alisema bila hasira, kama anayeagiza chai, kisha akarudisha kitambaa puani. Arlette alikitazama kile kitambaa. Msomi mzima anakikimbia choo cha mtoto, na uvundo ni wake! Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawa hawakuficha; waliyaleta maradhi yao mkononi, wakaachwa nayo. Tena walioitwa waliitwa kwa sauti ya Arlette mwenyewe, na hilo lilimtia kinyaa kuliko manukato yote ya Profesa.

Renilde alikuwa amesikia kila kitu.

"Dada," alisema polepole, "mulipima mutoto, ao mulinipima miye?"

Arlette alivua glavu.

"Tulibadanganya, mama. Haikukuwa ya dawa. Ilikuwa ya masomo yangu. Kuya, twende."

Renilde alikaza kitenge kilichombeba mtoto, akamfuata. Profesa aliita jina la Arlette mara moja, kwa utulivu wa mtu asiyezoea kurudia.

Ng'ambo ya ua, Eddy, muuguzi, alimwangalia mtoto, akauliza kama kawaida yake:

"Amepimwa?"

Lilikuwa neno lile lile. Arlette alilisikia chungu kinywani kabla ya kulitamka.

"Amepimwa," alisema. "Umupatie dawa."

Uani, kina mama waliokuwa kwenye foleni ya Profesa walikuwa wamewageukia. Mmoja aliinuka na kikopo chake, akasimama nyuma ya Renilde. Kisha mwingine.