Doa kwenye Sare ya Pasaka

Jumamosi Kuu, Ferista alikuwa barazani kwake Sogea, Tunduma, akipiga pasi ya mkaa sare za akina mama wa kanisa. Magauni yote alikuwa ameyashona mwenyewe, kitambaa cheupe chenye vimaua vya njano, jora moja lililonunuliwa ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Malori ya kwenda mpakani yalikuwa yamesimama foleni mbele ya nyumba kama kawaida, na vumbi lake lilimfanya atukane kimoyomoyo, ingawa ilikuwa wiki takatifu.

Kesho yake akina mama waliposimama kuimba, wawili walionekana na doa kifuani. Lilikuwa doa dogo, rangi ya chai isiyo na maziwa. La Mama Lusajo, mjane aliyekuwa mwenyekiti wao, lilikuwa kushoto. La Yunisi, mdogo wake Ferista wa tumbo moja, lilikuwa kulia. Wimbo uliendelea mpaka mwisho.

Lawama zilimwangukia Ferista, maana fundi hulaumiwa hata nguo ikinyeshewa. "Fundi, hayo si mafuta ya cherehani yako?" walimuuliza nje ya kanisa. Hakukubali kuaibishwa namna hiyo. Walipofika nyumbani alimvua Yunisi gauni akalivaa yeye, doa likatoweka. Akamvisha Yunisi la kwake, jeupe kabisa, na kabla zipu haijafika juu doa likajitokeza upande uleule wa kulia.

"Basi kitambaa hakina kosa," alisema Ferista.

"Kosa ni langu, dada," alisema Yunisi, akaenda kuinjika maji ya ugali.

Mama Lusajo alikuwa na mtoto mwenye kazi nzuri mjini. Lusajo alipoliona gauni hakuuliza mengi. Alimpeleka mama yake hospitali kubwa ya mbali, akalipia ile picha ya matiti ambayo mashine hulibana titi kati ya vibao viwili. Picha ilitoka na ukungu kama wa Mbozi asubuhi, kwa vile nyama ya titi lake ilikuwa nzito, basi wakamwingiza kwenye mashine nyingine inayoona ndani zaidi. Wakakuta kitu kidogo kama punje ya ulezi, ambacho hakuna mkono ungekihisi. Wakakitoa. Jumapili aliyorudi kanisani gauni lake lilikuwa jeupe, na wenzake wakamuuliza ametumia sabuni gani.

"Si sabuni," aliwaambia. "Ni picha. Na wanasema hata asiye na doa, akishafika umri wa makamo, apigwe picha kila baada ya muda, asingoje kuumwa. Yunisi mama, nenda. Nenda mapema."

Yunisi hakuwa na Lusajo. Mlango wake ulikuwa kituo cha afya cha jirani, akaombe barua ya rufaa, na Ferista alimsindikiza. Tabibu, kijana mpole aitwaye Damiano, alimpapasa kwa uangalifu, hakukuta uvimbe. Doa nalo alilitazama, hata akajaribu kulifuta kwa pamba yenye spiriti.

"Haya madoa nimeshayaona kwa wengine," alisema. "Ila rufaa ya picha ni ya mwenye uvimbe, mama. Doa la nguo siwezi kuliandika. Uvimbe ukija, njoo siku hiyohiyo, nitakuandikia."

Hakuwa mtu mbaya. Alisema alichoagizwa kusema.

Yunisi alifua kwa sabuni ya mche, kwa limau, kwa majivu. Wakati wa kuvuna mahindi doa lilikuwa limefika ukubwa wa kisosi, naye akaanza kuona haya kusimama mbele za watu. Ferista akamshonea mfuko juu yake. Lakini sare ni sare. Akina mama walikubaliana kwamba mwenzao hawezi kuwa na mfuko peke yake, wakaleta magauni yao yote yashonewe mifuko upande wa kulia. Ferista alilia kwenye cherehani siku ile, kwa jinsi alivyowapenda. Baada ya muda doa likapenya mfuko.

Watu walipoanza kupanda mahindi mapya, Yunisi alifika barazani akikimbia, anacheka.

"Dada, umekuja! Hebu gusa hapa. Uvimbe umekuja!"

Ferista akagusa. Ulikuwepo, mgumu kama kokwa. Mungu amsamehe, alicheka naye, wakakumbatiana pale mbele ya madereva, wakavaa nguo zao nzuri wakaenda kituoni. Damiano alitimiza ahadi. Aliandika rufaa siku hiyohiyo.

Katika hospitali kubwa mashine zote zilifanya kazi. Zilionyesha uvimbe, zikaonyesha ulivyokwisha kufika kwapani, na kwenye ini, na kwenye mifupa. Daktari, mwanamke wa makamo, alizungumza nao taratibu.

"Mngemleta wakati mkono haujagusa kitu," alisema.

Ferista akamwambia kwamba walijaribu. Daktari akasema anajua.

Yunisi alifariki kabla ya Kwaresima kuanza. Ferista alimvisha sare kwa mikono yake, na alipomaliza kumfunga akamtazama kifuani. Mfuko na kitambaa chote vilikuwa vyeupe, safi kama siku vilipotoka dukani. Hapo ndipo alipopiga yowe, hata madereva wakashuka kwenye malori. Alilitaka doa lile lirudi, likiwa dogo, rangi ya chai, na mdogo wake akiwa anasonga ugali.

Wiki chache baadaye akina mama walikaa kikao cha sare mpya. Mama Lusajo aliomba kitambaa kiwe cheupe tena. Ruti, ambaye doa lake lilikuwa limeanza mwezi ule, alisema cheupe kinawachosha kufua, tena kinaaibisha watu mbele ya madhabahu. Tabita akamuunga mkono, amejifunga khanga kifuani kwenye joto lote lile. Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Waliotaka cheupe walikuwa Mama Lusajo na fundi.

Jora lilinunuliwa ng'ambo, bluu iliyokolea karibu na nyeusi. Ferista aliwapima mmoja mmoja, akakata, akashona. Jumapili ya Pasaka walisimama mbele wakaimba vizuri kuliko miaka yote, na hakuna hata mmoja aliyeonekana na doa.