Tulivyomuaga Monica

Shemeji yangu Alfonsi anachonga vinyago, lakini Temeke hakuna anayemjua kwa vinyago. Anajulikana kwa uenyekiti. Harusi ikinukia kuanzia Tandika mpaka Yombo, mwenyekiti wa kamati hujulikana kabla ya bwana harusi. Ana sauti nzito, ana suti moja ya kijivu, na ana kipaji cha kumkazia macho mtu aliyejia soda ya bure mpaka mtu huyo aahidi laki.

Binti yake Monica ni mtoto wa dada yangu Margareta, kwa hiyo ni mwanangu. Alipata daraja la kwanza kidato cha sita akisomea jikoni, maana sebuleni kulikuwa na vikao vya harusi za watu. Ufadhili wa chuo aliutafuta mwenyewe. Ofisi moja ilitaka yatima, nyingine mtoto wa wafugaji, nyingine msichana anayecheza mpira. Siku aliyotoka kule kwa yatima nilimkuta anamtazama baba yake kwa namna ambayo sikuipenda.

Mwishowe mfuko mmoja wa familia ya wafanyabiashara, huko Mikocheni, ukamkubali kwa alama zake tu. Msimamizi wa mfuko huo, Bi Ummehani, alituita ofisini, akatupa chai ya maziwa yenye iliki, akasema bila kuzunguka.

"Ada ya miaka yote tunalipa sisi. Nyie mtalipa hosteli na vifaa vya mwaka wa kwanza, laki nane. Mzazi asipotoa kitu, hata mtoto akiacha chuo hashtuki. Mwezi ukiisha hamjalipa, nafasi tunampa anayefuata."

Shemeji aliteremka ngazi anatabasamu. "Laki nane tu? Mie nimewakusanyia watu mamilioni."

Jioni hiyo akafungua kundi la WhatsApp, "Elimu kwa Monica", akaingiza ukoo mzima, jumuiya ya kanisani, majirani, na kila aliyewahi kumchangishia harusi. Watu wakajibu haraka sana. Wakatuma mikono ya kuomba, wakaandika elimu ni ufunguo wa maisha, mmoja akatuma sala ndefu ya sauti. Pesa ndiyo haikuja. Mwisho wa wiki ilikuwa imeingia elfu kumi na saba, na elfu kumi ilikuwa yangu.

Shemeji akampigia Bi Hija, jirani yetu, mhazini wa kamati zake zote. Akaweka spika ili nasi tusikie.

"Ada, kaka Alfonsi, ni jambo la mtu na nyumba yake," Bi Hija akasema. "Shida zako unawatandazia watu hadharani? Kwani hamfanyi hata kasherehe?"

Hapo ndipo shemeji alipopata wazo, na mie nasema wazi kwamba mawazo mengine ni afadhali yampite mtu.

"Tutamuaga," akatangaza. "Wenzetu wanawaaga mabinti wakienda kwa waume. Mie wangu anakwenda chuo. Tunachangisha, tunafanya kitu kidogo hapa uani, chenji inalipa hosteli."

Dada Margareta akauliza kwa nini wasiombe hiyo chenji moja kwa moja. Tulimtazama kama mtu aliyeuliza kwa nini harusi ina keki.

Basi pesa zikaja. Kundi lile lile, watu wale wale. Revelian, katibu, alibadilisha jina likawa "Kumuaga Monica", akaweka picha ya mtoto amevaa joho la kukodi la chuo ambacho hajakikanyaga. Kadi ya mtu mmoja elfu hamsini, ya wawili laki. Waliotuma sala wakatuma miamala. Yule wa sala ndefu ya sauti akachukua kadi ya wawili, tena akalalamika kwamba amechelewa kuambiwa.

Lakini kamati ikishapata pesa inaota meno. Kikao cha kwanza kiliona kwamba mtu aliyetoa elfu hamsini hawezi kukalishwa uani karibu na banda la kuku, kwa hiyo ukumbi. Ukumbi ukataka mapambo, zambarau na dhahabu. Mapambo yakataka video, video ikataka matarumbeta. Monica alikuwa akiingia na kutoka na jagi la maji. Siku moja akasimama mlangoni.

"Samahanini wazee wangu, naomba kuuliza. Hosteli imo kwenye bajeti?"

Revelian akaipekua bajeti kwa heshima kabisa. Ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, alikuwemo. Keki ya ghorofa tatu ilikuwemo. Hosteli haikuwemo.

"Hiyo tutaitazama kwenye salio, mwanangu," akasema, na wajumbe wakaendelea na suala la matarumbeta.

Sherehe ilifana, sitaficha. MC Salumu alimwita Monica injinia mpaka sauti ikamkauka. Monica alicheza mbele ya watu huku machozi yanamtoka, na meza yetu wakasema binti ana furaha mpaka imemzidi. Mie nilimjua. Mwezi ulikuwa unaisha, na yeye alikuwa anaiona hosteli yake ikiliwa na pilipili.

Kikao cha mahesabu kikakaa sebuleni. Bi Hija akasoma: salio, laki tisa. Nilimwona dada Margareta anajishika kifua. Laki nane ya hosteli, na laki moja ya godoro. Mungu wa Monica alikuwa hajalala.

Shemeji akakohoa. "Ndugu wajumbe, sasa hili salio, kwa kuwa mtoto mwenyewe anatakiwa chuoni..."

"Mwenyekiti," Bi Hija akamkatiza, taratibu, "salio lina kazi yake. Kuvunja kamati."

Asiyejua mila za mjini aelewe: kamati haiachwi tu ikatawanyika. Inavunjwa, na inavunjwa kwa nyama choma na vinywaji, kwa pesa iliyobaki, ili wajumbe wapumzike na uchovu wa kula kwenye sherehe.

"Najua," shemeji akasema, "ila safari hii kuna shida..."

"Kaka Alfonsi, unakumbuka harusi ya mtoto wa Petro? Mke wa Petro alikuwa kalazwa, Petro akaliomba salio alipe hospitali. Wewe ndiye uliyesimama. Ulisemaje?"

Sote tulikuwepo siku ile, na sote tulipiga makofi. Petro mwenyewe alikuwa amekaa pembeni, anatazama kandambili zake.

"Nilisema hela ya furaha haiendi kwenye shida," shemeji akajibu, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo.

Jumamosi tukavunja kamati, baa ya jirani. Mbuzi alikuwa laini. Monica aliitwa aje kushukuru, akaja, akapiga goti, akasema, "Asanteni kwa kuniaga." Walimfungia mbavu mbili akale nyumbani.

Jumatatu Bi Ummehani alipiga simu. "Nimeletewa video ya sherehe. Hongereni, mlipendeza. Ile laki nane yenu iko wapi?" Shemeji akaanza kumweleza habari za salio. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mzee, mimi nimefanya biashara toka nikiwa msichana, lakini hii yenu siielewi." Mwezi ulipoisha nafasi akapewa mtoto mwingine wa huko Kipawa.

Dada hakula siku mbili. Mie nilimtukana shemeji kwa Kimakonde, maana Kiswahili kilikuwa kinaniwekea adabu. Monica alirudi jikoni kwake.

Kilichofuata ndicho kilichoniumiza zaidi. Bi Hija alimkuta gengeni ananunua nyanya.

"We Monica, bado upo? Si tulikuaga?"

Habari ikaenea. Watu walikasirika, na walikuwa na haki: wamelipia mtu aondoke na mtu anaonekana gengeni. Revelian akaitisha kikao, wajumbe wakaja tena sebuleni kudai maelezo. Shemeji akawaeleza yote, kichwa chini. Nikadhani sasa wataona aibu.

Wakatazamana. Bi Hija akahema kwa huruma ya kweli kabisa.

"Masikini mtoto wa watu. Hatuwezi kumwacha hivi. Amerudi nyumbani, basi tumpokee. Tumfanyie kasherehe kadogo ka kumkaribisha, apate moyo."

Nikamgeukia shemeji. Alikuwa amesimama, mkono umeshika kiti, midomo inacheza. Nikajua leo anawafukuza.

"Kadi ya mtu mmoja," akauliza, "tuiweke kiasi gani?"

Monica alikuwa mlangoni na kreti ya soda. Akaiweka chini polepole chupa zisigongane, akaingia chumbani, tukasikia komeo likiingia.

Wajumbe wakajadiliana, wakakubaliana elfu thelathini, kwa sababu watu bado wamechoka na ile ya kwanza.