Mshono wa Kibuyu

Uso wangu Seline aliuficha kwenye filamu yake, hilo siwezi kumnyima. Sauti pia aliibadilisha, nikasikika kama mwanaume mwenye mafua. Lakini mikono? Alisema filamu ya mtu asiye na uso inachosha, kwa hivyo nifanye kazi yangu ya kila siku huku nikiongea. Nikachukua kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha, nikawa nakisugua kwa mkaa.

Seline Adongo amekulia Eldoret, lakini kwao ni upande wa Kisumu. Mambo ya vibuyu vyetu angeyajulia wapi? Na mimi akili yangu ilikuwa imerudi Januari ya 2008, kwenye njia ya kutoka Munyaka, kwa wale wanaume walionishika watu wakikimbia vita vya uchaguzi. Nilimwambia yote, hata kwamba binti yangu Jepkosgei alitokana na siku hiyo, na mume wangu Kiprono anamjua kama damu yake.

Filamu hiyo Seline alizunguka nayo masokoni, akipigania wanawake kama mimi wasikizwe. Nilimuunga mkono kwa roho yote. Siku ya soko akaileta hapa kijijini kwetu Ziwa, kwenye ukumbi wa kanisa letu. Nikaenda na mama mkwe, maana kukataa kungezua maswali.

Sasa, kile kibuyu kiliwahi kupasuka, na aliyekishona ni mama mkwe. Kilipotokea pale ukutani, kikubwa kama mlango, aliinua kichwa. Alikuwa anatazama mshono wa mkono wake mwenyewe. Jamani, nilitamani ardhi inimeze. Hakunigeukia hata kidogo. Alisikiza mpaka mwisho, akajifunga leso, akatoka.

Kiprono alipoambiwa na mamake hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alisema tu mimi nibaki, mtoto apelekwe kwa mamangu huko Plateau, asirudi. Nikamwita Seline mbio.

Alikuja, maskini, akaongea kuliko siku zote: haki za mtoto, sheria, kwamba makosa ni ya wale wanaume. Kiprono alimwongezea chai. Alipomaliza, akamshukuru kwa heshima, akamshauri aondoke kabla ya mvua kwa sababu barabara yetu ni mbaya. Seline akaanza kulia. Kulia! Mimi nilimwita aongee, machozi ninayo yangu. Hasira ilinipanda, lakini nimmalizie nani?

Hapo Jepkosgei akaingia na sweta yake mpya, akidhani anaenda kumtembelea nyanya yake tu. Alipoona simu mkononi mwa Seline, akamvuta Kiprono.

"Baba, kuja tupigwe picha."

Kiprono aliutoa mkono wake polepole.

"Muulize mamako babako ni nani."

Mtoto akacheka, akadhani ni mchezo. Akanigeukia.

"Mama, ni nani?"

Nilimtazama Seline, na Seline akatazama viatu vyake.